Mama Mwenyeji Hulala Kwanza

Jumatano, tarehe 11 Mei 2011, mwanamke mmoja aliandikisha jina lake katika daftari la nyumba ya wageni iliyo mwendo wa dakika nne kutoka mlangoni kwake. Kwenye safu ya anakotoka aliandika mtaa wake. Kwenye safu ya anakokwenda aliandika mtaa uleule. Daftari lipo mpaka leo, na dada wa mapokezi hulitoa kuwaonyesha wasioamini.

Wakati huo alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli moja, na jirani yake alikuwa akiozesha binti. Wageni ishirini na wawili walikuwa wanakuja kutoka mbali. Jirani alimwomba amtajie mahali pazuri pa kuwalaza, naye akajibu kwamba hawezi kusifu kitanda asichokilalia. Akaenda kukilalia. Asubuhi alirudi na taarifa kamili: bomba la chumba namba sita linavuja, mto wa namba nne una uvundo, na chai ya pale haiwi tayari mpaka saa mbili, wakati mgeni wa harusi huamka na njaa saa kumi na mbili.

Tangu hapo, kila familia ya mtaani yenye harusi na wageni wa mbali humfuata. Wanamwita Mama Mwenyeji. Mumewe, fundi saa, huwaambia wateja kwamba yeye ndiye mwanamume pekee anayeletewa habari za godoro kila mkewe anapolala nje.

Utaratibu wake haubadiliki. Wazee hulala chini, vijana ghorofani, na watu wasiosalimiana hawapangwi kwenye korido moja. Migahawa huijaribu kwa kuagiza kitu chepesi wakati wa msongamano, kisha hutazama saa. Kwa wanaotaka kutembea baada ya sherehe huchora ramani ya mkono isiyo na kaskazini wala kusini: ukifika kwa muuza viatu mwenye hasira pinda kushoto, bustani ya jiji iko mbele yako, soko la vitambaa nenda kabla ya saa nne, ngazi za maktaba ya zamani ndiyo picha nzuri kuliko zote, ila usiegemee ukuta, rangi yake hubaki mgongoni. Umbali wote umeandikwa kwa hatua. Hatua hizo huzihesabu mwenyewe akiwa amebeba kigoda kidogo, na kila mahali ambapo mtu mzima angehitaji kupumzika, hukiweka chini na kukaa.

Kuna sharti moja zaidi, nalo amelitunga mwenyewe: chumba hulaliwa siku ya kazi. Mwaka huu alilivunja kwa mara ya kwanza, na alilivunja katika harusi ya damu yake.

Aliyekuwa anaolewa ni mtoto wa kaka yake. Bwana harusi alilelewa na bibi yake, mzee wa miaka themanini na mmoja mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Bibi huyo alituma ujumbe mapema. Kwa kuwa mjukuu ni mume wake, alisema, bibi harusi ni mke mwenzake, na hawezi kuingia kwa mke mwenza amebebwa kama gunia. Atafika ukumbini kwa miguu yake, gari asiletewe, au atabaki chumbani. Watu walicheka. Bwana harusi hakucheka, kwa sababu anamjua.

"Shangazi," binti alimwambia Mama Mwenyeji, "akibaki chumbani, mwenzangu hataiona harusi hata akiwa amesimama mbele yangu."

Shangazi alimwambia aende akashone gauni lake. Chumba alikuwa nacho tayari, katika nyumba ya wageni iliyo karibu na ukumbi: namba mbili, chini, hatua mia tatu na kumi mpaka mlango wa ukumbi, njia tambarare yote. Alikilalia Jumapili kwa sababu siku nyingine alikuwa akizunguka na wifi yake kutafuta viti. Kulikuwa kimya. Aliandika katika daftari lake kwamba njia ni safi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, alipita kukagua mashuka. Hatua ya tisini alisimama. Duka la bati alilolikuta limefungwa Jumapili lilikuwa karakana ya mageti. Mageti saba yalikuwa yamelazwa na kuegemezwa kando ya barabara, yakaifunga njia yote ya waenda kwa miguu, na watu walikuwa wakishuka barabarani kuyapita, kwenye ukingo unaofika nusu ya goti. Mlio wa mashine ya kukata chuma ulikuwa ukifika mpaka dirishani pa chumba namba mbili.

Alimwambia mumewe ukweli bila kuupamba: amepima Jumapili.

"Basi Jumapili umeipata barabara," alisema fundi saa, akarudi kwenye lenzi yake.

Kelele alizimaliza kabla ya chakula cha mchana. Bibi alihamishiwa namba tano, upande wa uani, na namba mbili akapewa mjomba wa bwana harusi, ambaye ukoo mzima ulikubali kwamba kwa mkoromo wake, mashine ndiyo itakayoomba kuhamishwa. Njia ilikuwa jambo jingine. Nyumba nyingine zote zilikuwa mbali zaidi ya magoti yale.

Alirudi karakanani, akaweka kigoda katikati ya mageti, akakaa. Fundi mkuu alizima mashine akamuuliza kama anataka geti. Alimweleza: mzee, fimbo, hatua mia tatu na kumi, Jumamosi saa tatu na nusu. Fundi akasema Jumamosi ndiyo siku wateja wanapokuja kutazama kazi, na kwamba yale si masufuria.

"Mama, geti moja linabebwa na watu wanne."

"Nimewahesabu. Mko watano."

Wenzake walicheka kabla yake. Fundi alikikagua kigoda, akauliza kama mzee atakuwa anakalia kitu kile. Mama Mwenyeji alisema atahitaji kupumzika mara mbili, na mara ya kwanza ni hapo hapo alipo. Fundi hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba kigoda kile ni aibu.

Jumamosi saa tatu na nusu mageti yalikuwa yameegemezwa ukuta wa ng'ambo, na mahali pa hatua ya tisini palikuwa na benchi la chuma lililopakwa rangi nyeusi. Bibi alifika akiwa na fimbo mkono mmoja na mkono wa Mama Mwenyeji upande mwingine. Alikaa, akalitingisha.

"Fundi, mguu wa nyuma umepungua."

Fundi aliinama kuangalia. Ulikuwa umepungua.

Walipumzika tena kwenye kigoda, mbele ya duka la dawa. Safari yote ilichukua dakika ishirini na sita. Kwa hatua za bibi ilikuwa mia tano na arobaini, na Mama Mwenyeji alizihesabu zote. Bwana harusi alikuwa mlangoni. Alianza kuja kumshika, bibi akamwonyesha fimbo, akarudi nyuma. Bibi aliingia mwenyewe mpaka mbele, akamtazama binti kuanzia shela mpaka viatu.

"Mke mwenzangu, mimi nimekuja kwa miguu. Wewe?"

Binti alikuwa ameletwa kwa gari lenye maua. Alisema hivyo, na ukumbi ukacheka mpaka mpiga picha akashusha kamera.

Katika daftari la Mama Mwenyeji, mbele ya njia ile, neno safi limekatwa. Chini yake ameandika: safi Jumapili tu, vinginevyo muone fundi mageti. Jumanne ijayo ana kitanda cha kulalia katika nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya soko la vitambaa.