Siku Gari la Moshi Lilipomchukua Nyanya

Rafiki yangu, usinicheke. Juzi madam ninayemfanyia kazi alitutoa Jeddah tukaenda Riyadh kwa dada yake, na huko tukapanda treni mpya ya mjini, ile isiyo na dereva. Milango ilipofunguka yenyewe nikaganda pale nimemshika mtoto wake mkono. "Yalla, ingia! Mafi khof!" akasema madam. Ati hakuna cha kuogopa! Yeye hakulelewa kando ya reli na nyanya yangu.

Kwetu stesheni ilitangulia, kijiji kikafuata. Magari ya kwanza ya moshi yalihitaji maji, basi likajengwa tangi katikati ya pori, na watu wakaja kuishi penye maji. Mama yake nyanya alikuwa kigori wakati huo. Honi ilipolia mara ya kwanza, akina mama walibeba watoto wakakimbilia vichakani, maana ilisemekana gari lile linakula watu: wanaingia, hawaonekani tena. Nyanya alinisimulia hayo huku akimenya mayai ya kuchemsha, nami niliyaamini yote.

Nyanya mwenyewe hakuliogopa gari hilo; mayai yake aliwauzia abiria. Wachuuzi wa kwetu hawakuuzia madirishani tu. Walipanda hadi ndani ya mabehewa ya daraja la tatu, sinia kichwani, wakashuka gadi anapoinua bendera ya kijani. Siku moja bendera ikainuliwa, wenzake wakaruka, nyanya akabaki ndani. Nikiwa jukwaani niliona leso yake dirishani, kisha gari likapotelea kwenye kona. Nililia mpaka sauti ikakauka. Sikuwa na mtu mwingine duniani.

"Nyamaza, mjukuu wangu, atashukia stesheni ya mbele," stesheni masta aliniambia. Nilijua ananidanganya.

Jioni nikamwona anakuja kwa miguu juu ya mataruma ya reli, viatu mkononi, sinia tupu. "Abiria mmoja alitaka chumvi zaidi!" akasema akicheka. Lakini aliponikumbatia nilisikia moyo wake ukidunda. Kumbe naye aliogopa.

Miaka mingi baadaye nilipanda mimi, nikielekea uwanja wa ndege nije kutafuta kazi huku. Nyanya alitembea sambamba na behewa mpaka jukwaa likaisha. Alifariki wakati kafili, yaani mwajiri anayenidhamini huku, alikuwa hajaniruhusu kusafiri kwenda kumwona. Reli mpya inapita mbali na kwetu, stesheni imefungwa, na nyasi zimemea hadi mlangoni pa ofisi ya stesheni masta. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na naogopa kurudi kuliko nilivyoogopa kuja. Nani atanipokea?