Bonanza la Wazee Tuliloshiriki

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya mtaa hapa Babati. Mbele yangu alisimama bibi mwenye fimbo, aliyefuata barua ya kumwombea mumewe msamaha wa gharama za matibabu.

"Shikamoo, bibi," karani alimwamkia kwa adabu zote, kisha akamsogezea karatasi. "Kabla ya barua, saini hapa."

Bibi aliishika mbali na macho, akasoma polepole kwa sauti: mahudhurio ya bonanza la michezo kwa wazee, Jumamosi, uwanja wa shule.

"Jumamosi nilikuwa shambani navuna mbaazi. Kwani lilifanyika?"

"Halikufanyika, bibi. Ila taarifa inatakiwa huko juu leo."

"Na hapa nimeandikwa kuvuta kamba."

"Ndiyo. Timu yenu ilishinda."

Bibi aliitazama fimbo yake. "Nisiposaini?"

Karani akafunika kidau cha wino wa mhuri, taratibu. "Hakuna anayekulazimisha, bibi."

Alisaini. Kabla ya kurudisha kalamu alinong'ona, "Mungu anisamehe."

Msishangae mkisikia wazee wa Babati walijitokeza kwa wingi.

Zamu yangu ikafika. Barua yangu ilikuwa ya kufungulia akaunti ya benki tu. Ningeweza kurudi hata mwezi ujao. Karatasi ilisema nimekimbia mbio za magunia. Mimi, ninayewasema viongozi kwenye safu hii kila wiki, nilisaini kabla karani hajamaliza kunionyesha mahali pa kusaini.