Muulize Mwenye Nyumba Kabla Hujahamisha Godoro

Mwanangu, umenipigia simu kwa furaha kwamba umepata fleti Mbeya, kwenye ule mtaa wa wachoraji na wanamuziki, kila kitu unakifikia kwa miguu. Nikakuuliza kama mwenye nyumba anajua utachorea humo ndani. Ukanijibu, "Mama, ni mtu mzima, niliona aibu kumbana." Tangu hapo nina hasira, na si wewe uliyenikasirisha.

Siku niliyoingia Iringa kutoka Chimala na cherehani yangu naikumbuka bado. Nilitaka chumba mtaa wa mafundi karibu na soko, wachonga vinyago huku, wasuka vikapu kule, wateja wanapita mlango hadi mlango. Mwenye nyumba, mstaafu mmoja wa sauti ya upole, akanionyesha chumba chenye baraza. Nikamwambia mimi ni fundi, nitashonea pale barazani. Akacheka. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu." Mimi nimelelewa kutomhoji mkubwa. Nikapiga goti, nikasema asante baba, nikatoa kodi ya nusu mwaka.

Kesho yake nilipotoa cherehani, akanirudisha ndani. Eti kelele, eti vipande vya nguo vinachafua. Chumba kilikuwa na giza kama ghala, na shangazi yangu wa Kilolo alikuwa ameniombea kazi kanisani kwake, magauni ya kipaimara. Nikichelewa, watoto wangesimama madhabahuni na nguo za kuazima, na mimi nisingepewa kitambaa tena. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba wageni wakija kuangalia vyumba, mzee yule yule alikuwa anagonga dirisha langu na kuwaambia, "Humu tunaye fundi wetu. Huu ndio mtaa wa sanaa." Fundi wake, aliyemfungia gizani!

Shangazi alipokuja kuyaona magauni, akanikuta nimeinama dirishani, macho mekundu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akajitanda khanga yake vizuri, akamfuata mzee uani, akamwamkia kwa heshima zote. Kisha akamuuliza mbele ya wapangaji wengine, "Baba, huyu mtoto alikuambia yeye ni fundi?"

"Aliniambia."

"Mbona humwachi ashone?"

"Mama, hakuniuliza vizuri."

"Alikuita baba, akapiga goti," shangazi akasema. "Ulitaka akuulize vipi tena?"

Mzee akaingia ndani. Shangazi akaibeba cherehani mwenyewe hadi barazani, na hakuna aliyeigusa mpaka nilipohama. Magauni yakawahi. Lakini na mimi sikupona maneno ya shangazi. Aliniambia kumwamkia mkubwa ni wajibu wangu, na kumuuliza pia ni wajibu wangu.

Sasa mkubwa ni mimi, na wapo wazee wenzangu wanaotumia adabu yenu kuwaziba midomo. Wananitia aibu. Kwa hiyo kesho nenda. Mwamkie, kaa chini, umuulize: nitachora humu, harufu ya rangi utaivumilia, wanunuzi wangu wataingia? Akubali kwa maneno yanayoeleweka, na yaandikwe kwenye mkataba. Akikuambia usiwe na wasiwasi, wasiwasi uanzie hapo hapo. Akikasirika, mshukuru uondoke, hata ikibidi ukapange kule mbali Uyole.

Mungu akupe chumba chenye mwanga na majirani wenye kazi zao. Akupe na ulimi usiomwogopa mtu mzima anayekosea, hata nikiwa mimi.