Sikwensi Mama Haikatwi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ya video pale Chapwa, Tunduma, nilikalia kiti cha kompyuta nikiwa bado na vumbi la kijijini Msangano miguuni. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, mimi ndiye mkubwa, na shule nilikuwa nimeiacha ili wadogo zangu wale. Msimamizi wa studio, aliyejifunza kazi upande wa Zambia, hakuniuliza cheti. Alinionyesha kioo cha kompyuta na kusema kazi yetu yote iko kwenye sikwensi.

Ninyi mnaohariri kwa simu huenda neno hilo hamlijui. Sikwensi ni mpangilio wa vipande vya picha na sauti: kipi kitangulie, kipi kifuate. Yenyewe haina picha ndani. Inaielekeza kompyuta tu ikachukue wapi. Ile ya kwanza, yenye sherehe nzima tuliyorekodi, tuliiita mama. Msimamizi aliiita "mayo", kwa Kibemba.

"Mayo hakatwi," alisema. "Mnakili, ipe nakala jina jingine, ukate nakala. Ukimkata mayo, nenda kauze nyanya mpakani."

Kauli hiyo niliishika miaka yote ya kazi.

Wadogo zangu walipoingia sekondari nilihamia Vwawa, kwenye studio kubwa zaidi. Huko nilimkuta Mkurugenzi, mtu wa mavazi mazuri na salamu nzuri, aliyechukia kuona sikwensi nyingi kwenye projekti moja. Aliziita takataka.

Tulirekodi sendoff ya binti wa familia ya wakulima wa kahawa huko Mbozi. Bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alisimama akazungumza naye kwa Kinyiha, polepole, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili. Mimi ni Mnamwanga, nilidaka neno hapa na pale. Lakini ukumbi mzima ulinyamaza, hata wapishi. Sauti yake ilikuwa kwenye kinasa sauti peke yake. Kamera ilikuwa karibu na jenereta, ikashika ngurumo tu.

Mkurugenzi alipotazama alipiga miayo. "Dada, huyu bibi anatulaza. Weka muziki juu yake."

Nilimwambia pale bibi ndiye mzazi. Akacheka, akaniuliza kama nimeajiriwa kuhariri au kukaa kikao cha ukoo. Nikanakili mama, kwenye nakala nikatoa sauti ya bibi nikaweka muziki, na mama nikamwacha mzima.

Baadaye nilikwenda Galula kumwuguza mdogo wangu. Niliporudi nilikuta Mkurugenzi amefanya usafi. Alikuwa amefuta sikwensi zote isipokuwa nakala ile, kisha akaiamuru kompyuta itupe kila faili ambalo hakuna sikwensi inayolihitaji. Kwenye nakala, muziki ulikuwa umechukua nafasi ya sauti ya bibi. Basi kompyuta ikaona sauti hiyo haina mwenyewe, ikaitupa. Kinasa sauti nacho kilikuwa kimeshafutwa ili kirekodi harusi nyingine.

Bibi alifariki kabla ya mavuno. Binti alikuja studio na kitenge cha msiba mabegani, akiomba maneno aliyoambiwa. Mkurugenzi alimpa pole, akasema kompyuta ilipata hitilafu.

"Haikupata hitilafu," nilisema. "Umefuta wewe."

Akanikumbusha kwamba nina wadogo wa kulisha. Ni kweli nilikuwa nao, lakini neno langu sikulirudisha.

Binti aliomba aone kilichobaki. Tukamwekea. Muziki ukaanza, bibi akasimama, midomo yake ikawa inacheza.

"Namwona anaongea," alisema. "Dada, zima basi huo muziki."

Nikauzima. Chumba kikawa kimya, na bibi akaendelea kuongea.

Sasa nimestaafu. Macho yamechoka na wadogo zangu wanajitegemea. Watu huniambia nimsamehe Mkurugenzi, amezeeka, na kompyuta za siku zile zilijaa upesi. Mimi najibu kwamba mama yangu alikufa bila kurekodiwa, na hilo nimelikubali, kwa sababu hatukuwa na kamera. Bibi yule alirekodiwa. Tulikuwa naye mzima, neno kwa neno, mtu akakaa kwenye kiti akasema ni takataka. Hilo silikubali.