Nilitangaza Kifo cha Mtu Aliye Hai

Kosa ni langu. Aliyeituma ile habari simlaumu, hata simjui.

Nauza mboga sokoni hapa Soni. Kaka yangu alifariki zamani, akamwacha wifi yangu na mtoto mmoja, Elia. Huyu Elia ni mwanajeshi, akapelekwa Kongo kulinda amani.

Siku hiyo kwenye grupu letu la wauza mboga ikaingia picha. Lori limeungua, miili iko chini, na maandishi kwamba vijana wetu wa Kongo wameteketea wote.

Mume wangu akasema, "Redio imetaja mapigano tu, vifo haijathibitisha. Subiri."

"Redio yako inaficha!" nikamjibu. "Picha hii hapa, unataka nini tena?"

"Nani kaipiga?"

Jamani! Nilidhani ananibishia tu. Nikatoka.

Wifi alikuwa shambani anapalilia kabichi. Ana presha, nilijua. Nikamwambia papo hapo, nimesimama, "Wifi, Elia hatunaye."

"Nani kasema?"

"Dunia nzima inajua!"

Akakaa chini katikati ya kabichi. Hakulia. Mkono mmoja ukalegea, mdomo ukaenda upande. Hospitali hakufika hai.

Kesho yake tukiwa msibani, simu ya mume wangu ikaita. Akaipokea, akaniwekea sikioni. Alikuwa Elia! Alidhani anaongea na mume wangu, ambaye humwita baba.

"Shikamoo, baba. Huku mtandao ulikatika. Mbona mama hapokei?"

Nikamrudishia mume wangu simu. Yeye ndiye aliyemwambia kuwa mama yake amefariki.

Elia alipewa ruhusa, akaja kuzika. Baada ya mazishi nilimwonyesha ile picha. Akaitazama kidogo.

"Shangazi, huu ni mchanga wa jangwani. Sisi tuko msituni, mvua kila siku. Hii ni vita nyingine kabisa."

Akanirudishia simu, akaenda kuaga wageni.

Afadhali angenitukana! Bado hupiga simu, ananiamkia, naitikia marahaba, basi. Narudi kuosha karoti. Machozi hayaji. Watu wananiambia siku ya wifi ilikuwa imefika. Nawasikia tu, kama wanamsemesha mtu mwingine.

Wewe unayesoma, habari ya vita ikikufikia, uliza ni nani aliyeiona kwa macho yake. Usipopata jibu, funga mdomo! Kuchelewa kujua si aibu. Mimi nilitaka kuwa wa kwanza kusema. Nilikuwa wa kwanza, na wifi yangu nimemzika.