Besi ya Zakaria

Mwanangu, ipo siku moja ya Manzese ambayo naikumbuka hata majina ya watu yakinitoka. Zakaria, mpiga besi wa kwaya yetu, alikuwa amefiwa na mama yake. Sasa mfiwa utamwambiaje abebe gitaa? Alikuwa amekaa kwenye jamvi chini ya turubai, macho makavu, hajalia tangu alfajiri. Sisi wanakwaya tukasimama karibu na jeneza, na mie, binti mdogo bado, nina gitaa langu la kawaida, lisilo la umeme.

Mwalimu wetu, Mama Asteria, Mmakonde wa Newala asiyepaza sauti, akaniambia, "Leo utapiga na besi ya Zakaria."

"Mama, nitawezaje vyote viwili?"

"Kidole gumba kishuke na besi kwenye nyuzi nene. Vingine vicharaze nyuzi nyembamba kama siku zote."

Nikaanza. Kutoka do nikarukia sol, maana noti za katikati nilikuwa naziogopa. Wimbo ukayumba, wanaume wa kwaya wakapoteza sauti yao. Mama Asteria akaniinamia sikioni.

"Binti, mpanda ngazi hushuka, haruki. Pita kila kipandio. Kuna mtu anakusikiliza."

Nikarudia taratibu: do, ti, la, sol. Ile ti, mwanangu, inauma kidogo, utadhani umekosea. Ukiivumilia, la inakupokea. Tuliporudia kiitikio nikasikia sauti nzito inanifuata kwa chini. Alikuwa Zakaria, amefumba macho, anaimba besi yake mwenyewe. Tulipofika sol sauti ikamkatika, akaangua kilio, shangazi zake wakamkumbatia. Nikataka kuacha. Mama Asteria akatikisa kichwa. Nikaendelea kushuka, narudi juu, nashuka tena, mpaka kilio kikatulia.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani kwako ni mwepesi. Mie siku ile niliubeba kidogo tu, na haukuwa usufi.

Basi, mwenzako akifikwa na msiba, usimpe maneno matamu ya kumrusha juu ya huzuni yake. Shika nafasi yake, fanya kazi yake kadiri uwezavyo, ushuke naye polepole, wala usimwache katikati. Mungu akujalie mikono yenye subira, mwanangu, na siku ya majonzi yako asikosekane wa kukaa pale ulipokuwa unakaa wewe.