Stuli Niliyoichora Mara Mbili

Stuli ya kwanza niliyoichora kiwandani kwetu Wazo ilinipa sifa. Ilikuwa ya plastiki, miguu minne imefungwa kwenye kikalio kwa bolti, na kila mguu umevalishwa soksi ya mpira iliyobandikwa kwa gundi kali. Mtu mzito angeikalia, angeiburuza, isingeyumba. Hata jikoni kwangu nilikuwa nazo mbili.

Miaka mitatu baadaye bosi alinituma Tegeta, kwa mama mmoja anayenunua plastiki chakavu na kuzisaga. Tulitaka chenga zake tuchanganye na plastiki mpya. Nikamkuta uani, amejifunga kanga juu ya suruali ya kazi. Nyuma yake kulikuwa na rundo la stuli zangu, limekaribia paa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaziangalia hizo? Hizo sizisagi."

"Kwa nini?"

Akachukua moja, akatia spana kwenye bolti. Ilikuwa imeshika kutu, ikawa inazunguka bila kutoka. Akashika panga, akakata mguu. Chuma kikabaki ndani. Soksi nayo ikagoma kabisa kutoka.

"Bolti moja tu ikinipita, visu vya mashine vinavunjika. Mpira ukichanganyika, gunia zima limeharibika. Aliyechora kitu hiki, mwanangu, hajawahi kukifungua."

"Ni mie, mama," nikasema.

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika magoti. "Basi njoo hapa. Leo utavunja wewe."

Nilivunja stuli nne mpaka adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge. Nilirudi kiwandani nimeukasirikia mchoro wangu, si yeye.

Nikachora upya. Nilitoa bolti zote. Mguu ukawa unasukumwa kwenye kikalio na kuzungushwa kidogo mpaka unashika. Nilitupa mpira, nikaunenepesha mwisho wa mguu na kuuchonga mistari ili usiteleze. Sampuli ya kwanza iliachia mguu nimeikalia mbele ya mafundi, nikaanguka chali. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ikasimama.

"Bila bolti?" bosi akaguna. "Wateja watatuona matapeli." Akaikalia, akajitikisa, mwishowe akaipanda na viatu vyake. Akashuka, akakagua miguu yote minne.

"Sasa twende Tegeta," nikamwambia.

Yule mama aliigeuza stuli juu chini, akashika mguu, akauzungusha. Ukatoka. Wa pili, wa tatu, wa nne. Nilikuwa sijamaliza hata kumweleza. Akavitupia vipande vyote kwenye mashine, nayo ikavisaga bila kukwama. Chenga za bluu zikamwagika guniani, safi kama mchele uliopetwa.

Akapiga kigelegele. Kina mama waliokuwa wakichambua chupa pembeni wakamwitikia, nami nikajikuta napiga pamoja nao, machozi yananitoka, sijali bosi anaona. Bosi mwenyewe alikuwa amechota chenga kiganjani, anazinusa, anatabasamu.

"Mama," akasema, "ungekuja kiwandani kwetu?"

"Kufanya nini?"

"Kila kitu kipya, kabla hatujaanza kukitengeneza, uwe unaivunja sampuli yake kwanza."

Alikuja Jumatatu iliyofuata. Ndoo ya kwanza tuliyomwekea mezani aliikataa palepale kwa sababu ya mshikio wake wa chuma usiochomoka, na bosi akaandika kila neno alilosema.